Ua jekundu porini Karamoja: wewe uliutambuaje mmea wake? Tupeane uzoefu

Mpita Njia
Ndugu zangu, juzi tulikuwa tunatoka Moroto kwenda Nakapiripirit. Jua kali, nyasi zimekauka zote. Juu ya mawe kando ya njia nikaona kimti kifupi, shina nene limevimba chini kama mtungi, jani hata moja hakina, lakini maua mekundu tele! Mwenzangu akasema ni mshubiri. Nikakataa, tukawekeana soda. Aliyewahi kukutana nacho atueleze.

Mtoto wa Amudat
Soda ni yako. Mshubiri una majani manene yenye meno pembeni, na maua yake ni vijibomba vinavyoning'inia kwenye mlingoti mmoja. Hilo ni waridi la jangwani, wataalamu huliita Adenium obesum. Nilipokuwa nachunga mbuzi nilivunja tawi nichezee, mzee mmoja akanipokonya, akaninawisha mikono kabla sijagusa chakula. Utomvu wake unadhuru moyo. Sehemu nyingi za Afrika wawindaji waliupaka kwenye mishale. Tangu siku ile naliangalia kwa mbali.

Afande Mstaafu
Mimi nilikosea kinyume chake. Nikiwa Kotido niliona mti mnene wa porini, nikadhani ndio huo wenye maua, nikaukata kwa panga. Kumbe ni jamii ya mnyaa. Maziwa yakaniruka jichoni, nikaosha kwa maji kibuyu kizima na bado sikulala. Kijana, tazama miiba kwanza! Waridi la jangwani halina.

Mama Bustani, Kampala
Najua nitasemwa. Niling'oa mmoja nikaubeba hadi Kampala, nikaupenda kupita kiasi: maji asubuhi, maji jioni, na mvua zetu hizi juu yake. Mwezi haukuisha, shina likawa laini kama parachichi lililoiva, likanuka. Lile shina ndilo ghala lake la maji, mimi nikalizamisha. Siku hizi ninapanda mbegu. Tunda lake ni kama pembe mbili zilizoungana. Likipasuka, kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili, inapeperuka. Nimeweka kokoto nyingi na mchanga kwenye chungu chenye matundu, namwagilia udongo ukikauka kabisa. Ile ya porini iacheni huko.

Mpita Njia
Asanteni. Nimeikuza picha: petali tano, zimeungana chini kama tarumbeta, wekundu umekolea pembeni na unafifia kuelekea katikati. Miiba hakuna. Ila majani ndiyo yananisumbua, mbona hakuna?

Mtoto wa Amudat
Kiangazi huyaangusha ili maji yasipotee. Pita tena mvua zikinyesha, utayakuta yamejikusanya kwenye ncha za matawi.

Mpita Njia
Mwenzangu kasoma yote. Anasema soda atatoa mvua zikinyesha, akishayaona hayo majani.