Ziwa Kati Thanda kwenye joto la 40°C: tutoke saa ngapi, tubebe maji kiasi gani?

Dira Kusini:
Wakuu, heshima kwenu. Tuko wanne, kambi itakuwa Coward Springs kwenye barabara ya vumbi ya Oodnadatta, South Australia, mwishoni mwa Oktoba. Siku moja tumeitenga kwenda kuliona Ziwa Kati Thanda (Lake Eyre), ziwa la chumvi ambalo mara nyingi huwa kavu, upande wa Halligan Bay na kurudi kambini jioni. Siku za 40°C kipindi hicho si ajabu. Gari ni Land Cruiser ya kukodi, spea mbili, simu ya setilaiti hatuna. Tutoke saa ngapi, maji kiasi gani, upepo wa matairi uwe ngapi, na je, tunaweza kuteremka tutembee juu ya chumvi? Nisiwafiche, picha ndizo zinatupeleka.

Mchora Njia:
Nianze na chumvi, maana ndiyo inayobadilisha ratiba yote. Ziwa lile ni mahali patakatifu kwa Waarabana, wenyeji wa ardhi hiyo, na sheria ya hifadhi sasa hairuhusu wageni kushuka kwenye sakafu ya ziwa: si kwa miguu, si kwa gari, wala kuogelea au kupiga makasia maji yanapokuwepo. Mnatazama mkiwa ufukweni. Na hata bila sheria, lile ganda jeupe ni utando tu juu ya tope jeusi. Gari likilivunja linakaa kwa tumbo.

Sasa hesabu ya njia. Kambini hadi njia panda, kilomita chache kabla ya kijiji cha William Creek, ni kama 70 km. Kutoka hapo hadi Halligan Bay ni kama 60 km nyingine za mawe na mchanga, na hizo ndizo zinazokula muda. Kutoka gizani sishauri kabisa: ng'ombe na kangaruu wako barabarani. Kwa hiyo mnaondoka kukishakucha na kufika kwenye saa nne. Hapo jua limeshapanda, chumvi inang'aa kila upande, mazigazi yamefuta mstari wa upeo, na picha zinatoka kama karatasi tupu. Mpaka saa kumi jioni hali ni hiyo hiyo, na mkiisubiri saa kumi mtarudi usiku.

Kwa siku ya 40°C ningeiacha Halligan Bay. Kukikucha tu nendeni sehemu ya kutazamia Lake Eyre South, kipande kidogo cha kusini cha ziwa hilo, ile iliyo kando ya barabara kuu kuelekea mji mdogo wa Marree, chini ya saa moja kutoka kambini. Hakuna kilomita 60 za upweke, na mwanga wa jua likiwa chini mnaupata ukiwa bado wa dhahabu. Mkirudi pitieni chemchemi za The Bubbler na Blanche Cup, ziko karibu na kambi.

Mkitaka ziwa lenyewe, lipieni ndege ndogo William Creek. Ziwa likijaa linafikia kama 9,500 km², na sakafu yake, pale pa chini kabisa, iko karibu mita 15 chini ya usawa wa bahari, hakuna hata kilima cha kupanda. Ukisimama pale unaona ukingo tu. Mikondo na rangi zinaonekana kutoka angani. Chukueni ndege ya asubuhi: adhuhuri hewa ya moto inapanda na kuitikisa ndege, na anayepiga picha huku amekumbatia mfuko wa kutapikia hapigi kitu.

Fundi Tairi:
Naungana na Mchora Njia, ila mkishikilia Halligan Bay, sikilizeni upepo. Pimeni matairi yakiwa baridi, kabla ya kuondoka. Barabara kuu ya changarawe 28 psi inatosha. Kwenye njia ya ziwani shusheni hadi 22 hivi, na mwendo usizidi 60 km kwa saa. Kinachowaponza wengi ni kupima saa sita mchana, kukuta umepanda psi 5, wakautoa. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja zaidi, linachemka zaidi, ubavu unachanika kwenye mawe. Ule wa kupanda kwa joto uacheni ulivyo. Pampu ya volti 12 ni lazima, na iungeni kwenye betri moja kwa moja, siyo tundu la sigara. Fyuzi yake haihimili.

Mkataba wa kukodi pia usomeni leo. Bima nyingi hazigusi matairi na chini ya gari kwenye barabara zisizo na lami. Na mvua ikinyesha, hata ndogo, barabara zile hufungwa. Angalieni taarifa ya serikali kuhusu barabara asubuhi ile ile, maana kupita penye kizuizi kuna faini.

Mganga wa Kambi:
Maji: lita 10 kwa mtu kwa siku. Hesabuni siku tatu, si moja, kwa sababu mnapanga kwa ajili ya kukwama. Yaani lita 120, madumu sita ya lita 20. Msiweke kwenye tangi moja kubwa, likitoboka mmekwisha. Kila mtu anywe glasi moja kila dakika 20 akiwa nje, na kwenye chupa mojawapo changanyeni chumvi za kurudisha maji mwilini. Maji matupu mengi mno nayo yanaleta kichwa kuuma na kichefuchefu. Krimu ya jua mpakeni hadi chini ya kidevu na ndani ya pua, mng'ao wa chumvi unachoma kutokea chini. Wavu wa nzi wa kichwani msiudharau.

Mwenzenu akianza kuongea ovyo au kuyumba, hilo ni joto limempiga. Kivulini, mlowesheni nguo, mpepeeni, na msaada uitwe hapo hapo.

Dira Kusini:
Asanteni, tumehamia Lake Eyre South na ndege. Na simu ya setilaiti, ambayo hatuna, ni lazima?

Mganga wa Kambi:
Kwa barabara kuu, kodini angalau kitufe cha dharura cha setilaiti. Mtandao wa simu msiutegemee njiani. Gari likikwama, hakuna wa kuondoka kwa miguu. Desemba 1998 mtalii kutoka Austria alikufa akijaribu kutembea kutoka Halligan Bay kwenda William Creek baada ya gari kunasa mchangani. Mwenzake aliyerudi kwenye gari alipona. Gari linaonekana kutoka angani, mtu haonekani.

Fundi Tairi:
Na mafuta jazeni Marree, kisha tena William Creek. Katikati hakuna pampu.