Mrejesho: Jetski iliyokuwa inakata mafuta imepona

Wakuu, niliwaomba ushauri kuhusu jetski yangu ya zamani (pikipiki ya majini), tu-stroki, yaani injini ya mipigo miwili, yenye kabureta mbili za kuchanganya mafuta na hewa. Silensa, yaani injini ikiunguruma bila kuvuta mafuta, ilikuwa imetulia kabisa, ila nikivuta mafuta inakohoa na kuzima. Nikivuta choki kidogo, ile ya kupunguza hewa, inaamka. Asanteni sana wote mlionijibu.

Aliyesema nianze na plagi, Mungu ambariki. Ya silinda ya nyuma ilikuwa ya kahawia, ndiyo rangi nzuri, ya mbele nyeupe kama chaki. Maana yake silinda ya mbele ilikuwa inapata hewa nyingi na mafuta kiduchu. Ningeendelea kuilazimisha ningetoboa pistoni.

Nikafungua kabureta ya mbele. Ndani kuna kichujio cha wavu, kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Kilikuwa kimezibwa na ute wa kijani, unaoteleza kama mlenda. Umetoka kwenye mipira ya kupitisha mafuta, ile ya kijivu, imeoza kwa ndani huku nje inaonekana nzima! Fundi wa kwanza alipuliza tu kwa kompresa na kuzungusha skrubu, hela yangu ikaenda.

Nimebadili mipira yote, pamoja na vifaa vya ndani vya kabureta zote mbili: dayaframu (utando mwembamba), sindano na vikalio vyake. Msisafishe kabureta mkaacha mipira ya zamani, uchafu utarudi tu.

Jana asubuhi nimeiendesha nusu saa pale Kigamboni. Nikigusa mafuta, inaondoka. Nimefungua plagi: zote mbili kahawia.