MJADALA: Hela ya kaunsili ipewe vikundi vya watu weusi kwa ajili ya afya, au iishie hospitali?

Kinyozi wa Handsworth
Wakuu salama? Naleta hili hapa maana Jumamosi nusura watu washikane mashati kibandani kwangu. Mimi nanyoa hapa Birmingham, na kando ya kiti cha tatu kuna meza ndogo ina mashine ya presha. Ililetwa na kikundi kimoja cha jamii, walipata hela kidogo ya mwaka mmoja toka kaunsili, yaani serikali ya mji, wakatufundisha jioni mbili, mkono ulale usawa wa moyo, mteja asiongee, asikunje nne, basi. Mwaka umeisha hela imekata, mashine ipo, betri nanunua mimi. Sasa mteja mmoja, tena Mkenya mwenzetu, anasema ni haki ikatwe, kaunsili ilitangaza yenyewe Septemba 2023 kwamba haina kitu, 2024 ikatupandishia kodi karibu asilimia 10, halafu bado igawe hela kwa vikundi vya rangi fulani?

Mimi nasema wapewe, tena wapewe ya miaka mitano sio mmoja. Kaunsili ya hapa na ya Lewisham kule London ndo zilikaa zenyewe zikachunguza afya ya Waafrika na Wakaribi, ripoti ikatoka 2022 na mambo 39 ya kufanyia kazi. Mambo 39, nani ayafanye, daktari mwenye dakika 10 na foleni hadi mlangoni? Na msinicheke eti kinyozi anajua nini. Los Angeles walijaribu, majibu yakatoka 2018, wanaume weusi 319 wenye presha, vibanda vya kunyolea 52, kwa baadhi mfamasia anawafuata palepale kwenye kiti anawapa dawa. Baada ya miezi sita namba ya juu ya hao ilishuka kwa wastani wa 27, wale ambao kinyozi aliwahimiza tu waende kwa daktari ikashuka 9. Mnaonaje?

Mzee Kidevu
Naona unatetea meza yako hehe. Mimi hapa ni mwaka wa 31 na vikundi nimeviona vingi. Kila mwenye laptop na fulana zenye nembo ana kikundi, mwenyekiti yeye, mhasibu shemeji yake, ukiuliza ripoti unaonyeshwa picha za watu wanakula pilau. Halafu hii habari ya rangi, nenda Blackpool ukaone wazungu wanavyokufa mapema, ule mji uko mkiani kabisa England kwa umri wa kuishi wanaume. Shida ni umaskini jamani. Na kaunsili ambayo 2025 ilishindwa hata kumaliza mgomo wa wazoa taka mpaka panya wanatusalimia mlangoni, ndo unataka ianze kugawa vihela huku na huku. Kama hospitali haimsikilizi mama mweusi basi irekebishwe hospitali! Ukivipa vikundi hela unaipa hospitali kisingizio, wataambiwa "tatizo lenu lina kikundi chake kule".

Mama P
Shikamoo mzee. Hapo pa kisingizio umesema kweli, mimi nafanya kazi wodi ya wazazi na nimeisikia kwa masikio yangu. Ila umaskini peke yake hautoshi mzee. Takwimu za vifo vya wajawazito nchi hii zinaonyesha wanaoishi sehemu maskini kabisa wanakufa karibu mara mbili ya wanaoishi sehemu zenye nafuu, hilo ni lako. Lakini mwanamke mweusi ni zaidi ya mara mbili ya mzungu, na miaka michache nyuma ilikuwa mara tano, ndo maana wale akina mama wawili walioanzisha kikundi chao 2019 wakakiita Five X More, wakakusanya saini hadi Bunge likakaa kulijadili Aprili 2021. Wizara haikuamka yenyewe, iliamshwa.

Na kuna mambo hayana uhusiano na mfuko wa mtu. Damu aina ya Ro wanayoihitaji sana wagonjwa wa selimundu (sickle cell), wachangiaji weusi zaidi ya nusu wanayo, ukichukua wachangiaji wote ni kama asilimia 2. Sasa nani ataenda kanisani na msikitini kuwaomba watu watoe damu, barua? Kile kimashine cha kidole cha oksijeni nacho, kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi, uchunguzi wa serikali ulilisema hilo Machi 2024. Uwe na milioni au huna, kidole ni kilekile.

Mama wa Goma
Miye Kiswahili yangu mtaivumilia. Kule kwa kanisa walituletea makaratasi ya Kiswahili, juu yameandikwa SHINIKIZO LA DAMU. Bamama banaangaliana, shinikizo njo nini? Mmoja anasema labda njo kitu ya kushindilia. Dada mmoja wa kikundi, Mburundi, akasimama akasema "bamama, ni tansio!" Aaa! Mikono yote juu, miye niko nayo, na miye, na miye. Ule dada walikuwa wanamulipa masaa ine kwa juma. Hospitali iko na mkalimani wa simu, ni kweli, lakini simu haiwezi kuona mama anaitikia ndiyo ndiyo kwa heshima tu na hajasikia kitu.

Mzee Kidevu
Marahaba Mama P. Hiyo ya damu sikuijua. Basi mimi sharti langu moja, kikundi kikipokea hata pauni 500 kibandike matumizi ukutani tuyasome, pilau shilingi ngapi, nauli ngapi. Hapo sitii neno. Na bado nasema hospitali isiachiwe.

Kinyozi wa Handsworth
Mzee ukutani kwangu nafasi ipo, leta gundi. Ila fomu yenyewe ya kuomba hela ni kurasa nyingi, kurasa za wanasheria, wale wajanja unaowasema wanazijaza huku wanacheka na wanaofanya kazi kweli ndo zinawashinda.

Sijawaambia lililoanzisha ugomvi. Jumamosi hiyohiyo nilimpima jamaa ikasoma 186 kwa 121, nikarudia, ileile. Namwambia tupige 111, ile simu ya ushauri wa afya, sasa hivi, ananijibu "malizia kwanza kichwa, siwezi kutoka nusu". Tulibishana mashine ya kunyolea ikiwa mkononi, mwishowe akaongea nao kwa simu yangu, akasema atakwenda. Zamani dada wa kikundi ndo alikuwa anapiga kesho yake kuuliza ulifika, ulipewa dawa gani. Safari hii nimepiga mwenyewe jana mara mbili, leo asubuhi tena. Haipokelewi.