T480 inakwama kwa GTA V, niko na elfu nane, nianzie wapi?

kijana_wa_umoja
Wasee niaje. Niko na lapi ya ThinkPad T480 ex-UK nilinunua tao mwaka jana, i5-8350U, RAM 8GB, SSD 256. Kazi za kolej inafanya poa kabisa, shida ni gemu ya GTA V. Dakika kumi za kwanza inaenda vizuri, halafu ukiingia mjini na gari mbio picha inaanza kukatika katika na feni inapiga kelele mpaka matha akiwa jikoni anauliza hiyo ni nini. Kuna fundi ameniambia nimwachie lapi aniwekee kadi kubwa ya grafiksi kwa elfu nane. Hiyo ndio pesa yote niko nayo, nimeweka tangu Januari. Nimpe?

stiki_mbili
Usimpe hata bob. Grafiksi ya hiyo mashine ni UHD 620, iko ndani ya prosesa, na prosesa yenyewe imechomelewa kwa bodi. Hata zile T480 zilikuja na kadi yake ya MX150 bado imechomelewa, hakuna mahali pa kuchomoa kadi uweke ingine.

Fungua Task Manager, uende kwa memori, uangalie sloti (nafasi za kuweka RAM) zinazotumika. Ikiwa ni moja kati ya mbili basi ugonjwa wako ndio huo. UHD 620 haina memori yake, inakula RAM ile ile prosesa inatumia, na stiki moja ya RAM aina ya DDR4 2400 inapitisha karibu 19GB kwa sekunde, ukiongeza ya pili njia zinakuwa mbili unapata karibu 38. Kwa hivyo usitoe ya 8 ununue moja ya 16, ongeza 8 ingine ziwe mbili. Watu wengi hukosea hapo, wanaangalia GB peke yake.

mama_wa_wawili
Naongezea tu, hiyo ya dakika kumi halafu inaanza kukwama inanukia joto. Yangu ilikuwa hivyo. Nilipofungua chini nilipata vumbi imejipanga kwa zile mapezi za shaba kama kipande cha blanketi, hewa haikuwa inapita kabisa, na pesti ile ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka inatoka unga ukiikwaruza na kucha. Prosesa ikikaribia digrii 100 inajipunguza kasi yenyewe ndio isiungue, hapo hata uweke RAM ya aina gani bado utaona inakatika. Safisha kwanza, badilisha pesti, na uchezee kwa meza sio kwa kitanda. Na chaja iwe kwa stima, ukitumia betri lazima ishuke.

stiki_mbili
Kweli kabisa. Na kabla uguse kitu kwa T480, toa betri ya nyuma halafu kumbuka kuna ingine ndani. Washa ukibonyeza F1 ifunguke menyu ya mipangilio, ingia Config, Power, zima betri ya ndani. Itajizima yenyewe, ndio ufungue.

luthuli_kila_siku
Kijana ukienda kununua RAM beba lapi na usiiache hapo ati urudi jioni. Mimi duka moja walinirudishia na 4GB badala ya 8 yangu na nikajua nikiwa nimefika nyumbani. Simama hapo, ona wakifungua, iwashwe mbele yako usome ni ngapi ndio ulipe. SSD (ile diski ya kuhifadhi) usiguse, itakufungulia gemu haraka lakini fremu, yaani picha kwa sekunde, hazitaongezeka.

kijana_wa_umoja
Nimerudi wasee. Sloti ilikuwa moja kweli! Jumamosi nimeshuka Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki tao Nairobi, nikasimama hapo hapo nikapata 8GB ya kutumika elfu mbili mia tano, pesti mia tatu. Vumbi nimetoa na brashi ya rangi, nimeshikilia feni na kidole isizunguke. GTA V kwa 720p mahali nilikuwa napata fremu 26 sai nasoma 39 mpaka 42, na nimecheza saa moja bila kukatika. Zaidi ya elfu tano imebaki. Asanteni sana, fundi nimemwambia nitakaa nayo tu.

mama_wa_wawili
Safi sana. Hiyo imebaki usiharakishe kuitumia, anza kuwekea mashine yenye kadi yake.