Theolojia inaweza kumfikisha mtu wapi, ama ni uchungaji tu?

KondeleFinest:
Wadau habari za jioni. Nina mdogo wangu wa kike amemaliza form four na B ya kawaida, sasa sisi wote hapa nyumbani tulikuwa tunangoja achague ualimu ama unesi kama watu wengine, kumbe yeye anataka theolojia, digrii kabisa. Mama amekasirika mpaka saa hii wanasalimiana tu juu juu, anasema hawezi kuuza ng'ombe ili mtoto aende kujifunza kuomba na kuomba anajua tayari. Mi niko katikati. Na msichana mwenyewe hataki hata kuwa pasta, anataka kuwa kama wale maprofesa wa theolojia wanaoongoza vyuo vikuu, kila siku ni Esther Mombo wa St. Paul's, kile chuo cha kanisa kule Limuru, Mombo hivi Mombo vile. Sasa nisaidieni. Huyo mama alifikaje pale? Na ukiwa umesoma theolojia, kuongoza chuo ni kazi gani haswa, ama ni kufungua mkutano kwa sala halafu wahasibu wanaendelea na shughuli? Msinitukane tafadhali, nauliza kwa roho safi.

OmukhanaWaButere:
Huyo mdogo wako ako na macho, mwache. Mombo nimemsoma sana wakati nilikuwa naandika tasnifu yangu. Ni mtu wa Gusii, amelelewa na nyanya yake ambaye alikuwa Quaker (wale wa kanisa la Friends), yeye akaja kuwa Mwanglikana. Digrii ya kwanza alisomea palepale St. Paul's, akaenda Trinity College Dublin, halafu PhD akafanyia Edinburgh akamaliza 1998. Na hiyo PhD sasa ndio inanifurahishaga, watu wanadhani theolojia ni Kigiriki na Kiebrania peke yake, kumbe mama wa watu alienda Scotland kuandika kuhusu wanawake wa Kiluhya ndani ya kanisa la Quaker, kuanzia 1902 wakati wamishonari Wamarekani walifika Kaimosi kule Western mpaka 1979. Yaani shangazi zetu hawa. Wale wa vitambaa kichwani wanaopika mkutano wa mwaka ukiwa Kaimosi, wanaochanga pesa ya mabati, halafu ikifika saa ya kukaa mezani na kuamua hizo mabati zinaenda wapi unaona wanaume peke yao. Quaker wanafundisha kila mtu ana nuru ya Mungu ndani yake, sasa hiyo nuru mbona ikifika kwa kamati inabagua? Hilo ni swali langu mimi, lakini nimelipata kwa kusoma watu kama yeye.

Baadaye akarudi Limuru kufundisha, akawa mkuu wa taaluma. 2003 kanisa la Anglikana duniani lilipogawanyika kuhusu askofu wa kule Marekani aliyekuwa shoga waziwazi, akawekwa kwenye ile tume ya Lambeth iliyoongozwa na Askofu Mkuu Robin Eames, ile iliyotoa Ripoti ya Windsor Oktoba 2004. Mwaka wa 2007 St. Paul's ikapata charter (hati ya serikali) ikawa chuo kikuu, na yeye akawa naibu wa VC, yaani wa mkuu wa chuo, upande wa masomo. Si kuomba kabla ya mkutano hiyo.

Section58:
Hapo kwa kazi yenyewe wacha niingilie, mi nimefanya kazi ofisi ya msajili kwa chuo kimoja cha kanisa, jina naliacha. Naibu wa VC masomo ndiye analala na faili. Kila mtaala lazima uandikwe, upite idara, upite seneti, uende kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na huko unaweza kurudishiwa kwa sababu hujaonyesha vitabu viko wapi na nani anafundisha na ako na PhD ya nini. Halafu kuna mitihani. Wiki ya kabla ya graduation ndio utajua hujui, orodha inasomwa jina kwa jina, mnafika kwa mtoto mmoja anakosa maksi ya somo moja kwa sababu mwalimu wa kibarua hajalipwa amekalia karatasi kwake nyumbani, na mzazi ameshakodisha matatu ya watu wa kuja kushangilia kutoka Molo. Nani anapigiwa simu? Si mhasibu. Kwetu aliyekuwa anapigiwa alikuwa mwanatheolojia wa Agano la Kale, na alikuwa mkali kuliko watu wote wa biashara mle ndani. Akiona alama zimepanda bila maelezo anakuuliza polepole kama anakuungamisha, utasema yote.

Kwa hivyo usidanganyike ati theolojia ni kazi laini. Ila mtu akishazoea kubishana na maandiko mstari kwa mstari, kanuni za seneti hazimtishi.

MzeeWaLuanda:
Nimewasoma. Mimi ni mzee wa kanisa nitasema ile mnazunguka. Viti vya VC ni vichache sana na wenye digrii za theolojia ni wengi, wengi wao wako parokia ya mbali na pikipiki iliyochoka. Msimwonyeshe mtoto kilele bila kumwonyesha mlima. Ngazi ni hii: digrii, masters, PhD, ufundishe, uandike mpaka wenzako wakutambue, ndipo uanze kupanda kutoka mhadhiri. Angalieni St. Paul's yenyewe. Profesa Joseph Galgalo aliyekuwa VC ni mwanatheolojia wa PhD ya Cambridge. Profesa James Kombo aliyekuja kukalia kiti hicho baadaye ametoka Daystar, na kazi yake kubwa ni kuhusu Mungu anavyoeleweka na Mkristo Mwafrika, Utatu na mambo hayo, kitabu kilitoka 2007. Hakuna aliyeokota kiti njiani.

Lingine ni pesa. Zamani ulienda chuo cha theolojia ukiwa umetumwa na askofu, dayosisi inalipa. Sasa askofu atamtuma nani? Anatuma yule atakayemweka wakfu kuwa mchungaji. Na wanawake walikuwa hawawekwi wakfu, kwa hivyo msichana hakuwa na wa kumlipia hata akiwa na akili namna gani. Hapa kwetu Kisumu marehemu Askofu Henry Okullu alimweka wakfu Lucia Okuthe 1983, kelele ikawa kubwa, kanisa lote la Anglikana Kenya lilikuja kukubali baadaye kabisa. Ndio maana namheshimu Mombo, alihangaika wasichana wapate nafasi na karo pale Limuru, hata ametoa kitabu cha visa vyao 2011 pamoja na Heleen Joziasse. Na ukimwi ulipotumaliza huku Nyanza na Western, wachungaji wakiwa bado wanahubiri ni laana, chuo chake kiliuingiza kwenye masomo. Nilizika watu wakati huo, najua mchungaji aliyefundishwa na asiyefundishwa walivyokuwa wanaongea kaburini. Mmoja anafariji wajane, mwingine anawaongezea aibu mbele ya wakwe.

OmukhanaWaButere:
Mzee umesema. Na matunda si yameonekana, Emily Onyango aliyekuwa anafundisha historia ya kanisa palepale St. Paul's akawa askofu msaidizi wa Bondo Januari 2021, Septemba mwaka huohuo Rose Okeno akawa askofu wetu Butere. Siku hiyo nililia kama mtoto, nawaambia ukweli. @KondeleFinest mama yako ni wa kanisa gani?

KondeleFinest:
Mama ni ACK (Anglikana ya Kenya) damu damu, yuko chama cha akina mama, Mothers' Union, na kitambaa. Nimemsomea hii thread yote jikoni akichambua omena, ile ya shangazi wa mabati amecheka sana, ya Okullu amesema anaikumbuka. Lakini bado anauliza mtoto atakula nini hizo miaka zote kabla ya uprofesa. @Section58 hapo unaonaje?

Section58:
Swali la mama ni zuri kushinda yetu yote. Afanye hivi, kabla ya kulipa shilingi yoyote aulize kama hiyo programu imeidhinishwa na Tume, asikubali kuambiwa iko njiani. Halafu aulize kama anaweza kuchukua elimu pamoja na somo la dini, ili awe mwalimu wa CRE (somo la dini ya Kikristo) na kitu kingine, TSC, ile tume ya kuajiri walimu, inamtambua, anakula, masters ya theolojia anafanya baadaye akiwa na mshahara. Maseno wana idara ya dini na theolojia na iko karibu na nyumbani, hata bweni si lazima. Kama ni BD (digrii ya theolojia) moja kwa moja basi aende kwa padri wake sasa hivi akaulize kuhusu ufadhili wa dayosisi, na aulize wazi kama wanafadhili mtu ambaye hataki kuwekwa wakfu. Jibu wampe kwa barua, ya mdomo asahau.