Naomba ushauri: jeni "zisizo na kazi" nimezitoa pamoja, bakteria hawaoti

Jeni_Ziada: Wakuu, habari zenu. Nimekwama, hata usingizi sipati. Utafiti wangu ni kujua E. coli anaweza kuishi bila jeni zipi. Nilitoa moja moja, wote wakaota. Nikatoa zote 12 kwa bakteria mmoja, sahani ikabaki tupu. Nimekosea wapi?

Mzee_Darubini: Hongera kijana. Enzi zetu darasa zima tuligombea darubini moja. Ila Muumba haweki kitu bure, acheni kuchokonoa.

Seli_Moja: Mzee, hata bakteria aliyetengenezwa na taasisi ya J. Craig Venter, 2016, alibaki na jeni 473, na 149 kati yake kazi zilikuwa hazijulikani. Bila kuchokonoa tusingejua hata hilo. Mleta uzi, huenda jeni mbili zinashikiana zamu: ukitoa moja nyingine inabeba, ukitoa zote anakufa.

Kaka_Mkubwa: Mwambie msimamizi wako mapema. Mimi nilimficha wangu, nikajuta.

Fundi_DNA: Hii chai. Jeni 12 hazitolewi kwa mpigo, unakwenda hatua kwa hatua. Ungeona ni ya ngapi iliyomuua.

Jeni_Ziada: Si chai mkuu! Hatua zote 12 alikuwa hai. Amegoma nilipomhamishia lishe ya chumvi na glukosi.

Seli_Moja: Mbona hukusema? Zile moja moja uliotesha kwenye nini?

Jeni_Ziada: Lishe nono, yenye amino asidi (vijenzi vya protini) zote. Ndiyo wanayotumia wengi. Hata ule mkusanyo wa Keio wa 2006, wa E. coli waliotolewa jeni moja moja, jeni 303 kati ya 4,288 ziligoma kutolewa, kwenye lishe nono hiyohiyo.

Fundi_DNA: Basi nafuta neno chai. Lakini kwenye lishe nono anakula amino asidi za bure. Huko kwingine lazima azitengeneze mwenyewe, na pengine jeni ya kuzitengeneza umeshaitoa. Chukua akiba ya kila hatua kwenye friza, otesha zote kwenye chumvi na glukosi, pamoja na yule asiyeguswa. Ukiona hatua wanapoanza kugoma, ongeza amino asidi moja moja.

Jeni_Ziada: Muhtasari nimeshatuma, nimeandika "jeni 12 zisizohitajika". Kubadilisha sasa nitaonekana sijui nifanyalo.

Seli_Moja: Ongeza "kwenye lishe nono". Maneno matatu tu.

Jeni_Ziada: Yanapunguza uzito wa kazi, mkuu. Ngoja nioteshe kwanza.

Kaka_Mkubwa: Msimamizi umemwambia?