Naomba ushauri: matikiti ya Ramadhani, nilime au niache?

MtuWaMaweni: Asalaam alaykum. Nimekwama, usingizi sina. Mwaka juzi nilipeleka matikiti soko la Mwanakwerekwe, Unguja, kumi la mwanzo la Ramadhani, nikauza moja 5,000. Mwaka jana nikarudia vilevile, nikakuta gari tano zimenitangulia alfajiri. Dalali hata kwenye baiskeli hakushuka: "Elfu moja, hutaki rudi nayo." Siku ya pili yakaanza kutoa maji. Tikiti lataka siku 80 hivi, kwa hiyo lazima niamue sasa, na sijui nani mwengine analima. Nifanyeje?

BintiChwaka: Lima mwani, kaka. Mama katusomesha kwa mwani. Bei ikianguka anaanika, anaweka chini ya kitanda, hauozi. Nyumba nzima ilinuka pwani, lakini tulikula.

Mwl_Hesabu: Mwaka 1994 mchumi Brian Arthur aliandika habari za baa moja ya Santa Fe, Marekani, iitwayo El Farol. Watu 100 wanaitaka. Wakiwa chini ya 60 kuna raha, wakizidi bora ungebaki nyumbani. Hakuna kuulizana. Kila mmoja anatazama wiki zilizopita, anabuni kanuni yake, ikimponza anashika nyengine. Alipoijaribu kwenye kompyuta, idadi ikawa inazungukazunguka 60, ila waendao ni wengine kila wiki. Kanuni yako wewe ni "palipolipa nirudi". Wenye gari tano nao wameishika hiyohiyo.

Sheikh_Kibao: Mwalimu, mfano wa baa kwenye uzi wa Ramadhani? Astaghfirullah.

Mwl_Hesabu: Basi fanya ni kibanda cha urojo.

MamaFatma: Urojo baadaye. Mtaji wa nani?

MtuWaMaweni: Wangu.

MamaFatma: Wote?

MtuWaMaweni: Mama mkwe aliniwekea milioni mbili, za Hijja. Na kusema kweli nusu ya shamba nishapanda, imetoa majani mawili mawili. Lakini sijaila amana, nimeizungusha tu. Nitarudisha kabla hajaulizia.

MamaFatma: Subhanallah. Na miche ishaota, unatuuliza nini?

Mzee_wa_Bumbwini: Mwanangu, hiyo nusu iliyobaki usiipande siku moja. Robo leo, robo baada ya siku kumi. Ukilikosa kumi la mwanzo utalipata la kati. Sisi tulifanya hivyo mpaka ng'ombe wa jirani alipokata kamba usiku. Asubuhi nakuta maganda, na yeye kalala katikati ya shamba, tumbo kama ngoma. Kesi kwa sheha ilikwenda hadi Idi.

Yakhe_Wete: Yakhe, ngojeni. Wiki iliyopita huyuhuyu alikuwa kwenye uzi wa pampu anatafuta eka moja zaidi ya kukodi. Mtu anaogopa bei, huku anaongeza shamba? Hakuna mama mkwe hapo. Anatutisha tusipande, sokoni abaki peke yake!

MtuWaMaweni: Wallahi sijatunga! Ile eka ni ya kaka yangu.

MamaFatma: Kaka katoka wapi tena?

Msomaji_Kimya: Uzi huu ulishanifanya niahirishe. Kesho nashika jembe.

Kijana_Kinyasini: Mie nilipanga robo eka, sasa naifanya nusu.

Mwl_Hesabu: Haya, 60 ishapita hiyo.

MtuWaMaweni: Jamani msipande!

Yakhe_Wete: Si nilisema?